Uwanda wa Kongwa Haukuwa Mtupu: Watu, Ardhi na Fundisho la Mpango wa Karanga

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja mambo manne yanayohitajika ili nchi iendelee: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Hakuna kada asiyeweza kuyataja manne hayo. Lakini mara nyingi tunayataja kama vitu vilivyo mbalimbali, kila kimoja na hesabu yake. Watu tunawahesabu kwa sensa, ardhi tunaipima kwa ekari, kisha tunagawanya hesabu ya kwanza kwa hesabu ya pili na kupata wastani wa watu kwa kilomita ya mraba. Wastani ukiwa mkubwa tunasema ardhi imebanana. Ukiwa mdogo tunasema ardhi ipo tele, inangoja mtu wa kuitumia.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba hesabu hiyo, ikiachwa peke yake, inapotosha. Uwanda wenye watu wachache una historia yake. Kuna sababu zilizofanya watu wawe wachache, na kuna namna za kuzalisha mali ambazo haziwezekani ila watu na mifugo yao wakiwa wametawanyika. Kiongozi asiyezijua sababu hizo na asiyezielewa namna hizo ataiita ardhi hiyo tupu. Na historia ya nchi yetu inaonyesha kwamba neno "tupu" halikutamkwa bure: mara nyingi lilitangulia mbele, na nyuma yake akaja mtu wa kuitwaa ardhi.

Mfano wetu ni uwanda wa Kongwa, mashariki ya Ugogo katika Mkoa wa Dodoma. Tumeuchagua kwa sababu kosa lililofanyika hapo lilikuwa kubwa na kumbukumbu zake zipo wazi. Na sababu nyingine ni kwamba kosa lenyewe halikufa pamoja na ukoloni.

Uwanda na wenyeji wake

Kusini ya Kongwa ipo milima ya Kiboriani inayoutenganisha uwanda na Mpwapwa. Mashariki ipo milima ya Ukaguru. Kaskazini ardhi inafunguka kuelekea nyika ya Wamaasai. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, nayo kwa mwaka wa kawaida ni kama milimita 500 tu. Lakini wastani huo nao hauelezi yote. Mwaka mmoja mvua inatosha na kuzidi, mwaka wa pili inanyesha kwa wiki tatu na kukoma wakati mtama unachanua. Tena inaweza kunyesha upande huu wa kilima na kuuacha upande ule mkavu. Mkulima wa Ugogo hulima akijua kwamba katika kila miaka michache upo mmoja wa njaa.

Juu ya msingi huo Wagogo, pamoja na jirani zao Wakaguru, walijenga uchumi wao. Marehemu Mathias Mnyampala aliandika habari za Wagogo, mila na desturi zao, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1954, na wazee wetu wanazo nyingi zaidi kichwani. Tukizitazama kwa jicho la uchumi wa siasa, tunaona mambo matatu.

Kwanza, kilimo na ufugaji vilikuwa kazi moja. Nyumba ya tembe ilizunguka ua wa ng'ombe, na samadi ya ua huo ndiyo iliyorutubisha shamba la mtama na uwele lililokuwa karibu. Udongo ulipochoka au malisho yalipopungua, kaya ilihama na kujenga mahali pengine. Kuhama huko hakukuwa kutangatanga. Kulikuwa njia ya kuipumzisha ardhi.

Pili, kila aina ya ardhi ilikuwa na wakati wake. Sehemu za miinuko zililimwa na kulishwa wakati wa masika. Mbuga zenye udongo mweusi zilihifadhi unyevu na majani hata baada ya mvua kukatika, na huko ndiko mifugo ilikopelekwa wakati wa kiangazi. Vichaka vilitoa kuni, asali, dawa na mboga za porini, navyo vilikuwa ghala ya mwisho wakati wa njaa. Mtu aliyepita mbugani mwezi wa Februari asingemwona mchungaji. Angerudi Septemba angewakuta wengi.

Tatu, ng'ombe walitawanywa. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote mahali pamoja. Aliwakopesha ndugu, wakwe na marafiki wa mbali, nao wakafaidi maziwa na samadi. Mvua iliponyima upande mmoja, hasara haikuwa ya mali yote. Hii ilikuwa bima ya jamii isiyo na kampuni ya bima. Tusiseme kwamba ulikuwa ujamaa kamili, kwa maana tofauti ya mwenye ng'ombe wengi na asiye na ng'ombe ilikuwapo, na asiye nao alimtegemea aliye nao. Lakini tusiseme vilevile kwamba ulikuwa ujinga.

Uchumi huo ulikuwa na ziada. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Sehemu kavu iliyo kati ya Mpwapwa na Ugogo waliiandika kwa jina la Marenga Mkali, yaani maji makali, wakailalamikia sana. Lakini walipoingia Ugogo kwenyewe malalamiko yakabadilika: watemi waliwatoza hongo, na wenyeji waliwauzia nafaka na maji. Misafara mikubwa ya wapagazi haiwezi kununua chakula katika nchi isiyo na watu. Kumbe watu walikuwapo, tena walikuwa na chakula cha kuuza na nguvu ya kudai kodi ya njia.

Jinsi watu walivyopungua

Wageni waliokuja baadaye walikuta watu wachache zaidi, wakadhani ndiyo hali ya asili. Hapa ndipo uchambuzi wa kihistoria unapohitajika, maana uchache huo ulitengenezwa.

Mnamo miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki na kuua sehemu kubwa ya ng'ombe. Kwa jamii iliyotegemea ng'ombe kwa maziwa, samadi, mahari na akiba, hilo lilikuwa pigo la uchumi mzima. Mifugo ilipotoweka, vichaka vilivyokuwa vikizuiwa na malisho na moto wa wachungaji vilisogea, na pamoja navyo mbung'o. Helge Kjekshus, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1977, alieleza jambo hili kwa nchi nzima: kabla ya ukoloni watu walikuwa wameyatawala mazingira yao, na walipovunjwa nguvu mazingira yakawatawala wao.

Wakati huohuo utawala wa Wajerumani uliingia. Amri ya mwaka 1895 ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola ya Ujerumani. Nani aliamua kama ardhi ina mwenyewe? Mjerumani huyohuyo. Mchungaji aliyekuwa mbugani miezi mitano na miinukoni miezi saba alionekana hana sehemu yo yote iliyo yake.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalipita Ugogo yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mashamba yalibaki bila mikono, mvua ikakosekana, na ghala zilikuwa zimekwisha kuzolewa. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Homa ya mafua ya mwaka 1918 ilipofika iliwakuta watu wakiwa tayari wamedhoofu. Makisio yanayojulikana ni kwamba watu wapatao 30,000 walikufa kati ya 150,000 hivi, yaani mmoja katika kila watano. Wengine wengi walihama, na baadhi hawakurudi.

Ukame ulikuwapo Ugogo kabla ya Wajerumani. Kilichougeuza ukame kuwa Mtunya ni vita vya mabeberu wawili waliogombania nchi ambayo haikuwa ya ye yote kati yao.

Waingereza walipotwaa utawala walitunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyotangaza ardhi yote ya Tanganyika, inayokaliwa na isiyokaliwa, kuwa ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Marekebisho ya mwaka 1928 yalikubali kwamba wenyeji wana haki ya kutumia ardhi kwa desturi zao, lakini ufunguo ulibaki mfukoni mwa Gavana. Hivyo kufikia Vita vya Pili, Kongwa ilikuwa na watu waliopunguzwa na historia, na sheria iliyomwezesha mtawala kuutoa uwanda bila kuwauliza hao wachache.

Uwanda uliotazamwa kutoka angani

Baada ya vita mwaka 1945 Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula na haikuwa na dola za kuyanunulia. Mwezi Machi 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company iliyokuwa tawi la Unilever, aliruka kwa ndege juu ya Tanganyika. Aliona ardhi kubwa yenye vichaka na watu wachache, akaipelekea Serikali ya nchi yake shauri la kulima karanga kwa mashine. Tume ya watu watatu chini ya John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ilipelekwa kuchunguza. Ilizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa ya safari ikiwa kwa ndege, ikarudi na ripoti.

Ripoti hiyo ilipendekeza ekari 3,210,000 zisafishwe na kugawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini na 10 Kenya. Gharama ingekuwa karibu pauni milioni 25. Kongwa ilichaguliwa iwe mwanzo, kwa kuwa ilikuwa karibu na Reli ya Kati na kwa kuwa ilionekana haina watu. Ripoti ilitaja ukosefu wa maji na mbung'o kuwa sababu ya uchache huo. Haikuuliza swali la pili lililo dhahiri: ikiwa maji hayatoshi watu, yatatoshaje karanga?

Tutazame takwimu za mwaka wa kwanza. Lengo la mwaka 1947 lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Matrekta yalikuwa mitumba ya jeshi yaliyonunuliwa hata kutoka Ufilipino. Baadaye vifaru vya vita vilibadilishwa kuwa matrekta. Mizizi ya vichaka ilikunja majembe. Mibuyu ilikataa kung'oka. Changarawe kali iliyomo ndani ya udongo ilikula vyuma kama tupa. Na mvua zilipokwisha, udongo wenye mfinyanzi mwingi uligeuka mgumu kama tofali, na karanga zikabaki chini bila kuweza kung'olewa. Kila mkulima wa Ugogo aliujua udongo huo. Ndiyo sababu alipanda mtama na uwele, mazao yanayobeba punje zake juu ya ardhi.

Ukame wa mwaka 1949 ulimaliza matumaini yaliyobaki, hata ya alizeti iliyojaribiwa badala ya karanga. Shirika la Overseas Food Corporation, lililochukua kazi mwaka 1948, lilihamishia nguvu Urambo na Nachingwea, huko nako mafanikio hayakupatikana. Mwezi Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuufuta mpango, pamoja na zaidi ya pauni milioni 36 zilizokwisha kutumika.

Wanahistoria wa kibepari hupenda kuusimulia mkasa huu kama kichekesho cha mashine mbovu na wasimamizi wazembe. Tafsiri hiyo inaficha kiini. Mashine zingekuwa mpya na wasimamizi hodari, mvua isingeongezeka hata milimita moja. Kiini kilikuwa uhusiano: uamuzi ulifanyika London, kwa mahitaji ya London, juu ya ardhi ambayo watumiaji wake hawakuhesabiwa kuwa wenye ujuzi wala wenye haki. Mwafrika aliingia katika mpango kama kibarua tu. Na kibarua huyo alijibu: mgomo ulioanza bandarini Dar es Salaam mwezi Septemba 1947 ulisambaa kwa kufuata Reli ya Kati hadi bara, na ni mojawapo ya hatua za mwanzo za wafanyakazi wa Tanganyika kujitambua kama tabaka.

Baada ya Uhuru

Majengo na viwanja vilivyoachwa Kongwa vilipata kazi ambayo waliovijenga hawakuiota. Kuanzia mwaka 1964 Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika kambi hapo: FRELIMO, ANC, SWAPO, ZAPU na MPLA. Sehemu ya mashamba ya karanga iligeuzwa kuwa ranchi ya ng'ombe. Yaani baada ya mamilioni ya pauni, wataalamu walirudi katika shughuli ambayo Mgogo aliifanya hapo tangu zamani, isipokuwa safari hii kulikuwa na seng'enge.

Hata hivyo makala ya nadharia haina faida ikiwa inakosoa wakoloni peke yao. Mwaka 1971 tuliendesha Operesheni Dodoma ili watu waliotawanyika wakae pamoja vijijini. Lengo lilikuwa sahihi: shule, zahanati na bomba la maji haviwezi kufika katika kila tembe lililo peke yake, na watoto wengi wa Ugogo walipata elimu kwa sababu ya vijiji hivyo. Lakini katika utekelezaji, mahali pengi kijiji kilichaguliwa kwa kufuata barabara, bila kuzingatia udongo, maji na malisho. Watu walipokusanyika, ng'ombe na majembe yao vilikusanyika pia. Ardhi ya karibu na kijiji ililimwa kila mwaka bila kupumzika, kuni zikaisha, na njia za mifugo zikageuka makorongo. Ardhi ya mbali ikabaki wazi, na machoni pa mgeni ikaonekana tupu. Tulichukua kutawanyika kwa watu kama dalili ya kurudi nyuma, kabla ya kuuliza kazi yake ni nini. Hapo tulifanana, kwa namna fulani, na mtu aliyekuwa ndani ya ndege.

Leo uwanda umebadilika sana. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu 300,000 katika Wilaya ya Kongwa. Soko la Kibaigwa, kando ya barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, linajulikana nchi nzima kwa mahindi. Mahindi hayo yanaletwa na wakulima wadogo, wengi wao wakiwa na ekari chache na jembe la mkono au trekta la kukodi. Kazi ambayo himaya nzima ilishindwa kuifanya kwa amri, wakulima wameifanya kidogo kidogo kwa kuchagua wenyewe zao, mahali na wakati.

Lakini hapo pana hatari mpya, nayo ni chungu zaidi kwa kuwa ni yetu sisi kwa sisi. Kongwa ilipojaa, wakulima wengi walivuka kaskazini kwenda Kiteto, wakaikuta nyika ya wafugaji wa Kimaasai. Wakasema maneno yaleyale: hapa hapana watu. Mfugaji aliporudi na ng'ombe wake wakati wa kiangazi alikuta shamba. Mwaka 2014 ugomvi huo, hasa katika eneo la hifadhi ya jamii la Emboley Murtangos, uliua watu. Mjukuu wa Mgogo aliyenyimwa uwanda kwa kuambiwa ni mtupu alijikuta akimwambia jirani yake hivyohivyo. Mkulima mdogo na mfugaji wote ni wavuja jasho. Anayefaidi wakigombana ni tajiri wa mjini mwenye ekari mamia aliyejificha nyuma ya jembe la maskini.

Sheria nayo ina mwanya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inampa mwanakijiji ulinzi kupitia Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Lakini Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka huohuo, inapofafanua ardhi ya jumla inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Kada ayasome maneno hayo mara mbili. Malisho ya kiangazi, yakitazamwa wakati wa masika, ni ardhi isiyotumiwa. Shamba lililopumzishwa ni ardhi isiyotumiwa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, thamani ya ardhi katika mkoa huo imepanda, na wenye kuitafuta ardhi "isiyotumiwa" wameongezeka.

Wajibu wa makada

Kutokana na historia hii tunapata maswali manne ambayo kiongozi ye yote anapaswa kuyajibu kabla ya kuandika katika taarifa yake kwamba eneo fulani halina watu.

Kwanza, umelitazama eneo hilo mwezi gani, na miezi mingine nani huwa hapo? Pili, watu ni wachache kwa sababu gani: maji, maradhi, vita, amri ya serikali, au mpango wao wenyewe wa kuihifadhi ardhi? Tatu, mwaka wa njaa wenyeji hukimbilia wapi? Mara nyingi jibu litakuwa ni hapohapo panapoitwa patupu. Nne, nani anaitaka ardhi hiyo sasa, na mazao yake yatakwenda wapi?

Maswali haya hayajibiwi ofisini. Yanajibiwa kijijini, mbele ya wazee, wanawake wanaochota maji na vijana wanaochunga. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakipa kijiji uwezo wa kupanga sehemu za kilimo, malisho, makazi na akiba. Kada aliye kijijini asimamie mpango huo ufanywe na wanakijiji wenyewe, uandikwe, mipaka ijulikane, na malisho ya kiangazi yaandikwe kwa jina lake kuwa malisho, ili siku ya siku asije mtu na karatasi akasema hapakuwa na kitu.

Watu na ardhi ni mawili kati ya yale manne. Wakoloni waliyatenganisha: waliitaka ardhi bila watu wake, na watu bila ardhi yao. Mwisho wake ulionekana Kongwa mwaka 1951, katika matrekta yaliyoachwa yakishika kutu kati ya mibuyu. Sisi tunaojenga nchi kwa ajili ya wanaoitumia tuyahesabu mawili hayo pamoja, kwa kuwauliza wanaoyaishi, kila mara kabla ya kupiga mstari juu ya ramani.